Upepo wa Julai Ukerewe: Ziwa la Kwenda na Ziwa la Kurudi

Swali: Shikamoo nahodha. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Ukerewe, kwetu ni Morogoro. Mwezi wa saba nilitembelewa na mama, kaka yangu, wifi na watoto wao watatu, wa mwisho ana miezi minane. Jumamosi tulipanga kukodi boti Bugolora twende kisiwa cha Ukara, wakaone lile jiwe linalocheza. Usiku kucha upepo ulipiga mabati, asubuhi nikaghairi. Mwenye boti alisema twende tu, ni upepo wa kawaida. Kufika saa nne ukatulia kabisa, kaka akanuna kwamba nimewanyima safari kwa woga. Saa nane ukaanza upya kwa nguvu, tena ukitokea upande mwingine. Wanarudi Desemba. Je, nilikosea? Na nitajuaje siku ya kwenda na siku ya kukaa?

Jibu: Marahaba, mwalimu. Hukukosea. Nalitanguliza hilo kwa sababu najua ugumu wa kumzuia mama yako na kaka yako wasiende mahali walipopatamani, halafu maji yakatulia mbele ya macho yao na wewe ukaonekana umezusha. Wengi wakifika hapo husalimu amri na kupanda boti. Ila kukuambia tu kwamba ulikuwa sahihi hakutakufaa Desemba, maana upepo wa Desemba una tabia nyingine. Nianze na Jumamosi yako.

Kati ya Juni na Agosti upepo mkuu kwetu hutoka kusini mashariki. Usiku nchi kavu hupoa upesi, ziwa hubaki na joto lake. Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita za mraba 68,800 na kina cha wastani wa mita 40, na maji mengi namna hiyo hayapoi kwa usiku mmoja. Basi hewa baridi iliyo juu ya ardhi huteremka kwenda ziwani, ambako hewa ina joto na inapanda. Sisi tulio pembe hii ya kusini mashariki ya ziwa, upepo huo wa kutoka nchi kavu unafuata njia ileile ya upepo wa msimu. Zinasukuma pamoja. Ndizo pepo zilizokuwa zinapiga mabati yako.

Jua likishapanda, ardhi inapata joto haraka kuliko maji. Msukumo wa kutoka nchi kavu unalegea, na kadiri saa zinavyokwenda mambo yanageuka: sasa hewa iliyo juu ya ardhi ndiyo inayopanda, na ile ya ziwani inaingia kuijaza nafasi yake. Kati ya upepo wa kwanza kuchoka na wa pili kuanza kuna pumziko. Linaweza kuwa la nusu saa, linaweza kuwa la saa mbili, na siku nyingine halipo kabisa. Kaka yako aliliona pumziko hilo akadhani upepo umekwisha. Ulipokuja upepo wa saa nane ukitokea upande mwingine, haukuwa ule wa usiku uliorudi. Ulikuwa upepo wa ziwa, na ulikuja kwa wakati wake.

Sasa fikiria safari ambayo mngeifanya. Mngeondoka Bugolora saa nne na nusu, maji yakiwa shwari, watoto wakishangilia. Mngefika Ukara, mngekwenda kwenye jiwe, mngekula, na mzee mmoja angewakaribisha kwake mkashindwa kukataa. Mngeshuka mwaloni, pale boti zinapotia nanga, saa nane au saa tisa, mmechoka, mtoto analia, na upepo uko kwenye kilele chake. Hiyo ndiyo ratiba ya karibu kila familia inayovuka kwa matembezi, na ndiyo maana mimi simuulizi mtu ziwa likoje wakati wa kuondoka. Namuuliza litakuwaje saa atakayorudi. Asubuhi una uhuru wote: unaweza kwenda, kungoja au kughairi. Mchana, mkiwa upande wa pili na nguo za mtoto zimebaki mjini Nansio, uhuru huo umepungua sana, na mtu aliyebanwa huliangalia ziwa kwa matumaini badala ya kuliangalia kwa macho.

Kwa hiyo mwenye boti usimuulize kama mnaweza kwenda. Yeye anaishi kwa nauli, na chombo chake amekizoea; jibu lake litakuwa twende. Wala si kwamba anakudanganya. Akiwa peke yake na kijana wake kweli angevuka salama. Muulize hivi: tukitaka kurudi saa nane, ziwa litakuwaje, na likikataa tutalala wapi? Nahodha anayelijua ziwa atageuza shingo, ataangalia mawingu, atakujibu kwa kituo. Anayejibu kabla hujamaliza swali, mshukuru, urudi nyumbani.

Bugolora nayo ina jambo lake ambalo mgeni hawezi kulijua. Iko upande wa kaskazini wa kisiwa. Upepo wa asubuhi ukitoka kusini mashariki, kisiwa kizima kiko nyuma yako kinaukinga, kwa hiyo maji ya hapo mwaloni yanaweza kuwa yametulia huku mbele, mbali na nchi kavu, yanachemka. Mnaondoka vizuri, na kadiri mnavyosogea Ukara ndivyo mawimbi yanavyokua, kwa sababu wimbi hulelewa na vitu vitatu: kasi ya upepo, muda uliovuma, na urefu wa maji uliyoyapitia. Mkishafika katikati, kugeuza boti iliyojaa watu ni kazi ya hatari kuliko kuendelea. Ukitaka picha ya kweli ya upepo wa asubuhi, utazame kwanza hapo Nansio, upande wa Ghuba ya Speke, ambako hakuna cha kuuzuia. Au panda kilima cha Handebezyo. Kutoka juu unaona madoa meupe ya povu yalivyotapakaa mbali, na hayo hayamfichi mtu.

Unayo bendera ya shule. Ikiwa mlingoti uko mahali pa wazi, bendera ni kipimo kizuri. Ikinyooka na kubaki imenyooka, huku majani na vitawi vyembamba vikitikisika muda wote, upepo una kasi ya kilomita 12 hadi 19 kwa saa, na ziwani povu jeupe litakuwa limeanza kuonekana hapa na pale. Kwa familia yenye mtoto mchanga ndani ya boti ya kukodi, mimi naweka mpaka hapo. Vumbi na karatasi zikianza kuruka uwanjani na matawi madogo yakiyumba, ni kilomita 20 hadi 28, na povu limekuwa jingi. Siku hiyo hamwendi. Miti midogo yenye majani ikianza kuyumba mizima, mmeshapita 29, na hata wavuvi wazoefu utawaona wanavuta mitumbwi yao juu mchangani. Kumbuka pia kwamba kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo wa upepo huongezeka mara nne. Ndiyo sababu mtu husema upepo umezidi kidogo tu, na boti inakataa kabisa.

Kaka yako huenda ameshavuka kwenda Unguja kwa boti kubwa na akaona mawimbi ya bahari, kwa hiyo haya ya kwetu anayaona madogo. Mweleze kwamba wimbi la ziwa ni fupi na limesimama wima. La bahari kuu hukupandisha polepole na kukushusha polepole. La hapa, jingine linakufuata kabla hujamaliza la kwanza. Boti ya mbao inakutwa pua iko juu ya wimbi moja na tezi, yaani sehemu yake ya nyuma, linapigwa na jingine, maji yanaingia kwa pembeni, na kila ndoo ya maji inayotua ndani inakimbilia upande ambao boti imeinamia. Mamlaka ya Hali ya Hewa huko pwani hutoa angalizo la upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2. Msingoje mawimbi ya namna hiyo. Boti yenye ukingo wa kimo cha goti juu ya maji inashindwa mapema zaidi.

Hapa naomba uniruhusu nizungumze kwa uzito, kwa kuwa njia mliyotaka kuipita ina kumbukumbu. Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikitoka Bugolora, kikiwa kimekaribia kabisa gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Zaidi ya watu 220 walikufa. Kivuko kilikuwa na kibali cha abiria 101. Miaka 22 kabla ya hapo, Mei 21, 1996, MV Bukoba ilizama ikikaribia Mwanza, na mamia ya watu wakafa. Chimbuko la misiba hiyo miwili halikuwa upepo mkali. Ni chombo kilichobebeshwa kuliko uwezo wake kikakosa kujirudi kilipolala upande mmoja. Jambo hilo linawahusu ninyi kwa namna hii: siku ya upepo, nafasi ya chombo kuvumilia uzito uliozidi au watu waliosimama inakwisha kabisa. Mkiwa ndani, kila mtu akae chini, katikati, na akae hivyo hadi boti ifungwe kamba. Watoto wakiona ufukwe huinuka na kukimbilia mbele, na watu wazima huinuka kuwashika. Waambieni kabla hamjapanda.

Jaketi okozi huvaliwa nchi kavu. Mvalishe mtoto, funga kamba zote, kisha mshike jaketi mabegani umnyanyue kidogo. Jaketi likipanda hadi masikioni, ni kubwa kwake, na majini litamvuka. Mtoto asivalishwe la mtu mzima kwa matumaini kwamba atalishikilia. Na huyu wa miezi minane ndiye aliyenifanya niseme hukukosea bila kusita. Wifi yako bila shaka angembeba mgongoni kwa khanga kama mama wote. Mama mwenye jaketi akianguka majini, jaketi humlaza chali ili uso wake uwe juu. Aliye mgongoni anabaki chini ya maji. Ndani ya chombo, mtoto mchanga apakatwe kwa mbele, khanga isiwe na fundo. Sijaona jaketi la kumfaa mtoto wa umri huo kwenye boti zetu za kukodi, na kwa sababu hiyo pekee ningewataka mvuke kwa kivuko cha MV Ukara II, hata siku ya jua tulivu. Hutatua kwenye jiwe moja kwa moja, utatembea au utachukua bodaboda. Mama yako atakaa kwenye kiti, na uamuzi wa kuondoka au kusubiri utakuwa mikononi mwa watu ambao hawategemei nauli yenu ya siku ile.

Hukuniambia mlifanya nini baada ya kughairi, nami nina neno kuhusu hilo, kwa sababu siku ya kukaa nyumbani ina hatari yake ambayo watu hawaitazami. Wageni walionyimwa safari huhamia ufukweni. Na wakifika ufukweni wanatafuta upande ambao maji yametulia, yaani upande uliokingwa, ambako upepo unatoka nchi kavu kwenda ziwani. Watu wazima wanakaa chini ya mwembe, watoto wanaingia na dumu tupu la kuelelea. Maji hayana wimbi, kwa hiyo hakuna anayeogopa. Lakini upepo ule unasukuma kila kinachoelea kutoka ufukweni, na dumu lenye mtoto linasogea hatua moja baada ya nyingine mpaka mahali ambapo hawezi kugusa chini. Akiona hivyo, mtoto huliachia dumu ili aogelee kurudi. Waambie: dumu au mpira ukienda, uende. Hakuna wa kuufuata, wala kaka yako mwenyewe, hata kama aliogelea mtoni utotoni. Bora zaidi wasiingie kabisa, maana maji ya kina kifupi yaliyotulia kwenye majani ndiyo makazi ya konokono wa kichocho, na sehemu nyingine za ziwa hili zina mamba. Waulize wenyeji wa kitongoji hicho, wao wanajua lini alionekana.

Wapeleke kwingine. Ikulu ya zamani ya watemi wa Wakerewe pale Bukindo ni safari nzuri ya siku ya upepo. Handebezyo nimekwisha kuitaja. Watoto wakubwa wafundishe kutafuta povu kwa macho, wahesabu wapi limeanza na wapi limeishia, na hapo wataelewa kwa nini shangazi yao aliwazuia bila wewe kusema neno. Mama apumzike upande wa nyumba uliokingwa. Upepo humdanganya mtu kwamba hakuna jua, kumbe ngozi inaungua na mwili unakauka, kwa hiyo mpe maji mara kwa mara. Moto wa kuni siku hiyo uwashwe ndani ya jiko lenye ukuta. Cheche moja inatosha kwa paa la nyasi la jirani.

Sasa Desemba. Mvua za vuli zinakuwa bado zipo, na adui anabadilika. Usiku, hewa za kutoka nchi kavu za pande zote za ziwa zinakutana katikati juu ya maji yenye joto, zinapanda, zinajenga mawingu mazito. Dhoruba za ziwani, zile za radi, huwa nyingi kuanzia usiku wa manane hadi asubuhi. Mchana mawingu huhamia nchi kavu. Kwa hiyo ile kanuni ambayo kila mtu anaikariri, kwamba ondoka alfajiri ziwa likiwa limelala, Desemba inaweza kukuingiza mdomoni mwa dhoruba. Alfajiri toka nje uangalie upeo wote. Ukiona wingu jeusi lenye kitako kilichonyooka, au umeme unawaka mbali bila sauti, kaa. Ukisikia ngurumo, hesabu sekunde tangu umeme ulipowaka. Kila sekunde tatu ni karibu kilomita moja. Msishuke mwaloni mpaka nusu saa ipite tangu ngurumo ya mwisho. Na kama mko tayari majini, joto likiwa limekaba, kisha ghafla ukapita upepo wa baridi, hiyo ni pumzi ya dhoruba iliyotangulia mvua yake kwa kilomita nyingi. Hapo nahodha anatafuta nchi kavu iliyo karibu, iwe ni mlikotoka au mnakokwenda, na asiwepo wa kumbishia.

Jioni ya kuamkia safari, tafuta utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa ulioandaliwa kwa ajili ya Ziwa Victoria. Ule wa mkoa unaosomwa redioni unazungumzia nchi kavu. Wa ziwa unataja upepo na kimo cha mawimbi. Kisha pita mwaloni. Wavuvi wa dagaa wasipoingia usiku, au wakirudi mapema kuliko kawaida, hiyo ni habari yenye thamani kuliko simu yako.

Jambo la mwisho ni mpangilio wa likizo yenyewe. Nadhani mwezi wa saba mliweka Ukara Jumamosi kwa kuwa wageni walikuwa wanaondoka siku chache baadaye. Desemba iweke mwanzoni. Wakishafika tu, siku ya kwanza ambayo ziwa linaruhusu ndiyo hiyo, na kama halikuruhusu mnazo siku nyingine. Mwende mkiwa mmejiandaa kulala Ukara: dawa za mama, maziwa na nguo za mtoto, fedha ya chumba. Mkiwa na hivyo vitu begani hakuna kitakachowalazimisha kupanda chombo saa tisa. Acheni pia ujumbe kwa mtu wa Bugolora kwamba mmevuka watu wangapi na mnategemea kurudi lini, simu ziwe na chaji na zifungwe kwenye mfuko wa nailoni. Kuhusu kurudi Mwanza, meli ya Nansio ikisimamishwa msihangaike na boti ndogo. Nendeni Rugezi, mvuke mlango mwembamba wa maji hadi Kisorya, kisha gari kupitia Bunda. Ni mwendo mrefu kwa mama, lakini sehemu kubwa ya safari yake ni barabara. Jaketi za wale watoto wawili wakubwa mzinunue Mwanza mkipita, mkiwa nao, ili wajaribishwe dukani.